Daftari la Pamoja: shajara ya mradi

Wiki ya 1

Mradi umepita. Hospitali sita zenye wamiliki sita na bajeti sita zitatumia mfumo mmoja wa kuandika jinsi mashine ilivyoharibika na jinsi ilivyotengenezwa. Mafundi wa vifaa tiba ni 23 ukiwajumlisha wote. Kazi yangu ni kuratibu. Programu ina mwenyewe na mashine zina wenyewe. Mimi natakiwa nihakikishe watu wanaandika.

Hoja iliyowalainisha wakurugenzi ni nyepesi. Mashine ya oksijeni ikigoma leo hospitali ya kwanza, fundi akahangaika nayo siku tatu mpaka akaujua ugonjwa wake, basi ya hospitali ya tano ikigoma mwezi ujao, fundi wa kule asianze upya kuzihesabu siku tatu zake. Wote walikubali. Hakuna aliyeuliza yule fundi wa kwanza anapata nini kwa kukaa chini na kuandika. Mimi pia nilinyamaza. Bajeti ilikuwa inapita na sikutaka kumwamsha aliyelala.

Wiki ya 3

Mfumo uko hewani. Kila fundi ana akaunti na nywila. Fomu ina visanduku 17 vya kujaza: aina ya mashine, namba yake, mwaka iliotengenezwa, kundi la hitilafu, kundi dogo la hitilafu, vipuri vilivyotumika, saa zilizotumika, na kuendelea. Nilishiriki kuvichagua na naungama kwamba nilivipenda.

Wiki ya 5

Maingizo manne. Matatu ni yangu ya majaribio. La nne linasema, neno kwa neno: "Mashine iliharibika. Imetengenezwa."

Wiki ya 6

Nimeacha kupiga simu za kukumbushana, nikaenda kukaa siku mbili karakana ya hospitali iliyo kubwa kuliko zote. Niliwaambia mapema kwamba sijaja kukagua mtu.

Fundi mkuu wa pale ni mzee ambaye wenzake wanamwita Mwalimu, ingawa hajawahi kusimama mbele ya ubao. Mashine ya oksijeni ililetwa kwa toroli. Kabla hajaifungua aliiwasha, akainamisha kichwa, akatulia. "Inahema vibaya," akasema. Ndani ya mashine ile kuna mitungi miwili yenye chembechembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni ili oksijeni ipite. Hewa husukumwa mtungi mmoja, kisha mwingine, zamu kwa zamu kila baada ya sekunde chache, na vali ndiyo inayogeuza zamu. Mzee alikuwa anasikiliza zamu. Mtungi mmoja ulikuwa unapunjwa muda. Alipofungua, vali ilikuwa inakwama, kama alivyosema. Nikaitoa fomu yangu ya visanduku 17 nikatafuta mahali pa kuandika "inahema vibaya". Hapakuwepo. Michael Polanyi alilieleza jambo hili mwaka 1966: mtu anajua mengi kuliko anayoweza kuyasema. Mimi nilikuwa nimetengeneza fomu kwa ajili ya yale machache yanayosemeka.

Kilichonishtua zaidi kilitokea mchana. Mzee akiwa anakula, simu ikalia: kijana wa hospitali nyingine, wala hawajuani sana, kauliza kuhusu mashine ya kufyonza isiyovuta. Mzee akaweka kijiko pembeni, akamrekodia sauti ya dakika nne. Akamweleza aanze wapi, asiguse nini, na kosa ambalo yeye mwenyewe aliwahi kulifanya miaka ya nyuma akachoma mota. Dakika nne za dhahabu, bure, chakula kikipoa.

Nilimuuliza kwa nini hayo hayaandiki kwenye mfumo. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hasalimii ukuta. "Mwanangu, yule kijana ameniuliza. Huo mfumo wako umeniuliza nini?"

Siku ya pili, tukiwa tunafunga karakana, akaongeza jingine, nusu utani: "Na nikiyamwaga yote humo, kesho nani ataniita?"

Nayaandika yote mawili. Nilikuja hapa nikiamini mafundi hawapendi kutoa ujuzi. Kumbe wanatoa kila siku, ila sisi ndio hawatupi.

Wiki ya 7

Nimesoma usiku kuhusu mafundi wa mashine za kunakili za Xerox. Mwanaanthropolojia Julian Orr aliwafuata kazini miaka ya 1980 akakuta kwamba vitabu vya mwongozo haviwafikishi mbali; wanachokitumia ni visa wanavyosimuliana wakinywa kahawa, hasa kuhusu mashine korofi. Baadaye kampuni ikajenga mfumo wa kuvihifadhi vidokezo vyao, ukaitwa Eureka, ukaanzia Ufaransa. Kidokezo kikiletwa, mafundi wenzake ndio wanaokipima kabla hakijasambazwa, na kikisambazwa kinakwenda na jina la aliyekileta. Malipo yaliwekwa mezani kama kivutio, lakini mafundi walioshiriki kuujenga wakayakataa. Walihofu watu watafukuzia wingi. Imesimuliwa kwamba katika mkutano mmoja kule Kanada wenzake walisimama wakampigia makofi fundi ambaye vidokezo vyake vilikuwa vimewasaidia, naye hakuwa amekitarajia kitu kama hicho.

Nimepigia mstari jina la aliyekileta.

Wiki ya 8

Kikao cha kamati. Nilieleza niliyoyaona karakana. Mkurugenzi mmoja, mtu mwema na mwenye haraka, akasema tatizo letu ni dogo: hatutoi motisha. "Mkono mtupu haulambwi," akasema, na wengine wakacheka kwa kukubali. Akapendekeza pointi kwa kila ingizo na zawadi ya mwezi kwa atakayeongoza.

Nilileta utafiti wa Bock na wenzake wa mwaka 2005, uliowahoji mameneja 154 wa mashirika 27 ya Korea Kusini. Waliotarajia zawadi walionekana kuwa na mtazamo mbaya zaidi kuhusu kugawana ujuzi. Waliosukumwa na uhusiano mwema na wenzao ndio waliokuwa na mtazamo mzuri. Mkurugenzi akasema Korea ni Korea. Sikuwa na jibu la haraka, na kwa kweli nami nilikuwa nimechoka kuangalia ukurasa mtupu. Pointi zikapita.

Wiki ya 9

Maingizo 61 kwa wiki moja. Kamati imefurahi. Nami nimefurahi, sitadanganya.

Wiki ya 11

Nimesoma maingizo yote, jioni mbili nzima. Fundi mmoja amebadilisha fyuzi mara 11 na kila fyuzi ina ingizo lake. Mwingine amenakili mwongozo wa mtengenezaji, kurasa kwa kurasa, pamoja na onyo la kutoweka mashine karibu na maji. Yupo aliyegawa kazi moja ya mchana vipande sita. Sina haki ya kuwalaumu: tulisema tunahesabu, nao wakatupa vya kuhesabika.

Baya zaidi limetokea nje ya mfumo. Yule kijana aliyepigiwa maelezo ya dakika nne alimwuliza Mwalimu swali jingine. Mzee akamjibu: "Muulize anayeongoza kwa pointi." Kwa hiyo tumeharibu hata kile tulichokikuta.

Mwaka 1971 Edward Deci aliwapa wanafunzi mafumbo ya vipande vya kuunganisha. Waliolipwa kwa kila fumbo, malipo yalipoondolewa, waliyagusa mafumbo kwa hiari kidogo kuliko mwanzo. Nilikijua kisa hiki tangu zamani, nami bado nikaketi kwenye kikao nikaacha pointi zipite. Si kwamba fedha haina kazi. Mshahara mdogo unamfanya mtu asitoe chochote, na fundi anayejinunulia bando akawahudumia wengine ana haki ya kuudhika. Lakini kumlipa mtu vizuri kwa kazi yake ni jambo moja, na kumwekea bei kwenye kila wema ni jingine. Hilo la pili linamfanya ajiulize kama bei yenyewe inatosha.

Wiki ya 12

Pointi zimefutwa. Nimewaandikia mafundi wote waraka mfupi: wazo la pointi lilikuwa kosa, nami nilikuwemo. Fundi mmoja amejibu kwa neno moja, "Afadhali."

Fomu mpya ina visanduku vitatu. Mashine gani? Uliona au ulisikia nini? Ulifanya nini? Picha na sauti vinaruhusiwa popote. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la fundi na hospitali yake. Chini kuna kitufe kimoja: "Nimejaribu". Anayekibonyeza anaandika kama imefanya kazi au la, na jina lake linabaki hapo pia.

Wiki ya 13

Wiki nzima imeliwa na ubishi mmoja: jina la nani likae juu?

Meneja wa hospitali mojawapo ya binafsi anataka jina la hospitali peke yake. Hoja yake ina uzito. Fundi alijifunza akilipwa na hospitali, akiharibu vipuri vya hospitali, kwa hiyo ujuzi ni mali ya mwajiri. Tena anauliza kwa nini awape wapinzani wake kitu kilichomgharimu.

Nimelala na swali hili na kuamka nalo. Mwaka 1994 Constant, Kiesler na Sproull walitenganisha vitu viwili ambavyo sisi tunavitia kapu moja. Kuna kazi iliyokamilika, kama ripoti au programu, ambayo watu wengi wanakubali kuwa ni ya mwajiri. Halafu kuna utaalamu, ambao mtu anauona kuwa ni sehemu ya nafsi yake, naye anautoa kwa sababu kuutoa kunamwonyesha yeye ni nani. Ukiliondoa jina lake kwenye utaalamu wake unamwambia kwamba hayumo. Asiyemo hatarudi.

Kuhusu wapinzani, nimempa visa viwili vya watu waliokuwa na wapinzani wa kweli. Cha kwanza ni cha Cornwall, Uingereza, kwenye migodi ya shaba na bati. Migodi ile ilikuwa ya wamiliki mbalimbali na yote ilihangaika na jambo moja, kusukuma maji nje kwa injini za mvuke. Hataza ya James Watt ilikwisha mwaka 1800, na mwaka 1811 wakaanza kuchapisha kila mwezi jedwali la pamoja chini ya usimamizi wa Joel Lean: injini ya mgodi gani, imejengwa vipi, imepandisha maji kiasi gani kwa makaa kiasi gani, na mhandisi wake ni nani. Mhandisi aliyeongoza kwenye jedwali alitafutwa na migodi mingine, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuficha. Katika miaka thelathini hivi iliyofuata ufanisi wa wastani wa injini zile uliongezeka karibu mara tatu, na jedwali liliendelea kutoka hadi mwaka 1904. Wale watu hawakuwa na kompyuta hata moja. Walikuwa na karatasi yenye majina.

Cha pili ni cha viwanda vidogo vya chuma vya Marekani, ambavyo Eric von Hippel aliviandikia mwaka 1987. Wahandisi wa kampuni zinazogombea wateja wale wale walikuwa wakipigiana simu na kusaidiana kiufundi, nipe nikupe, bila mkataba. Kila mmoja alijua mpaka: jambo ambalo kampuni yake inategemea kuwashinda wengine halitoki, ila lile ambalo mwenzake angeligundua mwenyewe baada ya kusumbuka kidogo linatoka. Nikamwuliza meneja kama kuna mgonjwa aliyewahi kuchagua hospitali yake kwa sababu ya jinsi wanavyobadilisha mpira wa mlango wa otoklevu, ile mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke. Alicheka. Tumekubaliana majina yote mawili, la fundi kwanza.

Nilikuwa nimeandaa kisa cha tatu, cha wataalamu wa virusi vya mafua. Wengi wao walisita kuweka data zao wazi kwa kuogopa wengine wazitumie bila hata kuwataja, mpaka ulipoanzishwa mfumo wa GISAID mwaka 2008 wenye sharti kwamba anayetumia data amtambue aliyeileta. Hakikuhitajika, lakini nakiacha hapa. Siku yake itafika.

Wiki ya 14

Ingizo la kwanza la kweli. Limetoka hospitali ndogo kuliko zote, kwa dada ambaye ndiye fundi pekee wa hospitali nzima.

Otoklevu yake ilikuwa haifiki nyuzi joto 121. Kila mtu, hata mimi, angesema ni mpira wa mlango unavujisha mvuke. Aliubadilisha mara mbili, bila nafuu. Siku ya nne akafungua chujio la bomba la kutolea maji chini ya chemba akalikuta limezibwa na nyuzi za vitambaa na vipande vya utepe wa kufungia vifurushi. Hewa ilikuwa haitoki, na hewa ikibaki ndani mvuke haushiki nafasi yake, hivyo joto halipandi. Ameweka picha tatu, na ya tatu ni kidole chake kikielekeza ule uchafu. Ameandika pia: "Nilipoteza siku nne kwa sababu sikuanza na kilicho rahisi kufungua."

Nilimpigia simu kumshukuru, nikamwuliza kwa nini ameandika wakati walio na wenzao kumi hawaandiki.

"Kaka, kwetu niko peke yangu," akasema. "Nikitengeneza kitu kigumu, daktari anaona mashine inafanya kazi, basi. Nesi anasema asante. Hakuna anayejua kwamba ilikuwa ngumu."

Nimekaa na sentensi hiyo ya mwisho siku nzima. Tulikuwa tunadhani kuvuka mipaka ya taasisi ni mzigo tunaowabebesha mafundi, ilhali kwa fundi aliye peke yake, nje ya mipaka ndiko waliko watu pekee wanaoweza kuipima kazi yake. Mwajiri anaweza kumlipa, lakini hana jicho la kuona ugumu wa alichokifanya. Wasko na Faraj mwaka 2005 walichunguza mtandao wa wanasheria wa Marekani waliokuwa wakijibiana maswali ya kitaaluma bila kujuana. Waliochangia zaidi walikuwa wale walioona kwamba kuchangia kunajenga heshima yao katika taaluma, waliokuwa na uzoefu, na waliokuwa wameshazungukwa na wenzao ndani ya mtandao ule. Kutarajia kulipwa fadhila hakukuwa na nguvu hata kidogo. Niliwahi kusoma matokeo hayo nikayaona makavu. Leo yana sauti ya mtu.

Wiki ya 15

Watatu wamebonyeza "Nimejaribu" kwenye ingizo la otoklevu. Mmoja alikuta chujio lake liko vivyo hivyo. Dada ameandika maingizo mengine mawili.

Wiki ya 17

Jambo zito. Jumanne usiku liliingia ingizo la fundi ninayemheshimu. Mashine nyingi za oksijeni hutoa onyo oksijeni ikishuka chini ya asilimia 82. Alikuwa amezima kengele ya mashine moja ili aipime bila kelele, akaitwa wodini kwa dharura, na mashine ikarudishwa kazini kengele ikiwa imezimwa. Nesi aligundua kesho yake. Hakuna aliyedhurika. Aliandika yote, na namna ya kuzuia: kitambaa chekundu kwenye swichi ya kuwashia mpaka kengele irudishwe. Saa mbili baadaye akalifuta.

Nilimpigia. Alikuwa na jibu moja tu: "Meneja wangu anaingia humo."

Mficha uchi hazai, ndiyo, lakini asiyeuficha mbele ya mwenye mamlaka ya kumfukuza kazi hazai vilevile. Ingizo lile lilikuwa la thamani kuliko yote tuliyonayo, na tumelipoteza kwa sababu mlango ni mmoja.

Waliolitatua hili vizuri ni watu wa ndege. Tarehe 1 Desemba 1974 ndege ya TWA, safari namba 514, ilijigonga mlimani ikielekea kutua uwanja wa Dulles karibu na Washington, wakafa wote 92 waliokuwemo. Ikabainika kwamba wiki sita hivi kabla ya hapo, ndege ya shirika jingine nusura iingie mlima ule ule, kwa kuielewa vibaya ruhusa ile ile ya kukaribia uwanja. Marubani wake walitoa taarifa, wenzao wa shirika lao wakaonywa, na onyo likaishia ndani ya kuta za shirika. Mwaka 1975 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikaanzisha utaratibu wa kuripoti makosa na ikaahidi kutoadhibu. Marubani wakasita, kwa sababu aliyeahidi ndiye aliyeshika leseni zao. Mwaka 1976 kazi ya kupokea ripoti ikapewa NASA, isiyo na uwezo wa kumwadhibu rubani yeyote. NASA huondoa majina kisha husambaza somo lililobaki, na rubani aliyekosea bila kukusudia akaripoti ndani ya siku 10 anaweza kuepushiwa adhabu. Ripoti zilizopokelewa tangu hapo zimepita milioni moja. Ahadi ilikuwa karibu ile ile, ila mpokeaji alikuwa mwingine.

Kwa hiyo nimependekeza mlango wa pili. Ripoti za makosa na za nusura hazitapita kwetu wala kwa meneja yeyote. Zitapokelewa na mhandisi mstaafu ambaye haajiriwi na hospitali yoyote kati ya sita. Ataondoa jina, hospitali, tarehe na namba ya mashine, kisha ataweka somo. Baada ya hapo hata yeye hatabaki na nakala.

Nacheka peke yangu ninapoandika: mwezi uliopita nilipigana wiki nzima jina liwekwe, leo napigana jina liondolewe.

Wiki ya 18

Hospitali tano zimekubali mlango wa pili. Ya sita inataka kujua majina. Itabaki nje ya mlango huo.

Wiki ya 20

Kuhusu muda, kwa ufupi, maana hakuna siri hapa. Mafundi wawili wameniambia wakuu wao huwauliza "unaandika nini badala ya kufanya kazi?" Tumeomba saa moja kwa wiki iwekwe kwenye ratiba rasmi. Nne zimeiweka, mbili zimeahidi. Hakuna motisha ya aina yoyote inayomwandikisha mtu anayeogopa kuonekana ameketi.

Wiki ya 23

Nimepitia maingizo moja moja nikitafuta waliopotea: walioandika mara moja wasirudi. Karibu wote wana kitu kimoja. Hakuna aliyebonyeza "Nimejaribu" chini yao. Wengine niliongea nao nikagundua kwamba ushauri wao ulitumika hospitali mbili tatu, ila aliyeutumia hakusema. Mtu amerusha jiwe kisimani akasikiliza, hakusikia kitu, akaenda zake.

Sasa kila Ijumaa nafanya kazi ambayo haimo kwenye mkataba wangu. Napiga simu kuuliza nani ametumia nini, kisha nampigia mwenyewe: "Ile yako ya mashine ya kufyonza imefanya kazi kwa mwenzako." Dakika mbili. Programu inaweza kutuma ujumbe kama huo yenyewe, na mtengenezaji ameshauri hivyo. Nimemwomba asubiri. Nataka kwanza mafundi wazoee kuambiana wenyewe.

Ripoti ya kwanza imetoka mlango wa pili. Inahusu kengele ya mashine ya oksijeni na kitambaa chekundu. Sijui imetoka kwa nani. Yaani, najua, lakini sijui.

Wiki ya 26

Mwalimu bado hajaandika hata neno. Nilishaacha kumwomba. Lakini leo yule dada wa otoklevu amesafiri hadi karakana yake, ameomba ruhusa mwenyewe, akamkuta mezani. Baadaye mzee akanisimulia kwa simu, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu wiki ya 6.

"Huyu binti amekuja na swali la pili," akasema.

Nikamwuliza swali la pili ni lipi.

"La kwanza kila mtu analo: mashine imekufa, nifanye nini. Huyu alishaambiwa la kwanza, akafanya, ikakubali. Sasa anataka kujua kwa nini ilikubali." Akanyamaza kidogo. "Watu wa swali la pili sikuwa nawapata."

Sikumkumbusha aliyoniambia kuhusu kumwaga yote na kutoitwa tena. Nadhani alikuwa analikumbuka.

Wiki ya 29

Vipimo vya kamati vinataka "idadi ya maingizo". Nimeomba kibadilishwe kiwe idadi ya maingizo ambayo mtu wa hospitali nyingine ameyajaribu na kusema matokeo. Idadi itakuwa ndogo na itaonekana mbaya kwenye grafu. Mkurugenzi wa pointi, nashukuru, ndiye aliyeniunga mkono wa kwanza.

Hospitali ya sita imeuliza habari za mlango wa pili. Wameuliza tu.

Wiki ya 31

Saa tano asubuhi limeingia ingizo jipya kutoka hospitali kubwa. Kisanduku cha "Uliona au ulisikia nini?" hakina neno hata moja, kina faili la sauti la sekunde 90. Nililifungua nikidhani ni kosa. Mashine ya oksijeni inanguruma, zamu kwa zamu, na juu yake sauti ya mzee, taratibu: "Hii ni nzima. Sikilizeni inavyohema. Moja... mbili... moja... mbili." Kimya kidogo, kisha mashine nyingine. "Hii ni mgonjwa. Sikilizeni. Moja... mbi. Hapo. Mmesikia? Amekatwa pumzi. Hapo tena."

Kwenye "Ulifanya nini?" ameandika kwa mkono wake: vali, na namna ya kuitoa bila kuruhusu unyevu uingie kwenye zeolaiti, kwa sababu unyevu ndio unaoiua.

Chini yake, dakika 20 baadaye, dada ameandika: "Mwalimu, shikamoo. Ya wodi ya watoto inahema hivyo hivyo tangu Jumatatu. Nimeweka ya akiba, naifungua sasa hivi."